Madaftari Mawili, Jina Moja: Uhakiki wa Lugha ya Ukomo wa Batli katika Mifumo ya Kompyuta

Ikisiri

Makala hii inahakiki lugha inayotumika kueleza udhibiti wa ukuaji wa rekodi za matukio katika kompyuta zinazotumia mfumo endeshi wa Linux. Matini inayohakikiwa ni mwongozo wa usanidi wa programu ya systemd-journald pamoja na maelezo ya amri ya journalctl. Hoja kuu ni kwamba neno moja la Kiingereza limebebeshwa madaftari mawili yenye kazi tofauti: lile linaloandikwa kabla ya tendo ili kulinda mfumo wa faili, na lile linaloandikwa baada ya tendo ili kulishuhudia. Kuweka kikomo kwa daftari la kwanza si sawa na kuweka kikomo kwa la pili. Kiswahili kikiyaita yote mawili "kumbukumbu", kitarithi utata huo na kuongeza wa kwake. Makala inaonesha pia kwamba sitiari za usafi na uhifadhi zilizomo katika mwongozo huo huficha tendo la kufuta ushahidi. Inapendekezwa kwamba daftari la kwanza liitwe daftari tangulizi, la pili liitwe batli, na tendo la kufuta liitwe kufuta.

Istilahi za msingi: istilahi, sitiari, batli, daftari tangulizi, ukomo, mfumo wa faili

1.0 Utangulizi

Kompyuta inayofanya kazi huandika habari zake yenyewe mfululizo. Huandika nani ameingia na saa ngapi, programu gani imeanza, ipi imeshindwa, diski gani imeonesha dalili za kuharibika. Maandishi hayo huhifadhiwa katika diski ileile inayobeba kazi za watumiaji, na yasipowekewa mpaka huendelea kukua hadi yakaipokonya kazi hiyo nafasi. Ndiyo maana kila msimamizi wa mfumo, awe katika benki, hospitali, shule au kituo cha redio, hukutana mapema na swali moja: maandishi haya yaruhusiwe kukua hadi wapi, na yakifika hapo, kipi kiondoke?

Swali hilo huonekana kuwa la kiufundi, lakini jibu lake huandikwa kwa lugha, na lugha hiyo hufanya uchaguzi kwa niaba ya msomaji. Juhudi za kuingiza Kiswahili katika kompyuta zimekuwapo kwa muda. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionesha kwamba menyu, vitufe na ujumbe wa programu za ofisini vinaweza kusemwa kwa Kiswahili bila kupoteza usahihi. Hata hivyo, juhudi za aina hiyo zilielekezwa zaidi kwenye uso wa programu, yaani kile anachokiona mtumiaji wa kawaida. Lugha ya chumba cha seva, ambako msimamizi huamua kipi kikumbukwe na kipi kisahauliwe, imeshughulikiwa kidogo.

Makala hii inachukua kipande kimoja cha lugha hiyo na kukihakiki kama matini nyingine yoyote: kwa kuangalia maneno yake, sitiari zake, yale inayoyasema waziwazi na yale inayoyaacha yapite kimya. Lengo si kuulaumu mwongozo, ambao kwa viwango vya uandishi wa kiufundi umeandikwa kwa uangalifu. Lengo ni kuonesha mahali ambapo tafsiri ya neno kwa neno ingempotosha msomaji wa Kiswahili, na kwa nini upotoshaji huo una gharama.

2.0 Madaftari mawili

Neno la Kiingereza journal hutumika katika Linux kwa vitu viwili vinavyokaa katika diski moja.

Cha kwanza ni daftari la mfumo wa faili. Kuunda faili moja si tendo moja. Kompyuta hulazimika kubadili orodha ya folda, kubadili rekodi ya faili yenyewe, na kubadili ramani inayoonesha sehemu zipi za diski zimeshikwa na zipi ziko wazi. Umeme ukikatika katikati ya hatua hizo, diski hubaki na habari zinazopingana: folda inalitaja faili ambalo rekodi yake haipo, au sehemu moja ya diski inadaiwa na faili mbili. Dawa iliyobuniwa ni kuandika kwanza, katika eneo maalumu, mabadiliko yanayokusudiwa, kisha kuyatekeleza. Umeme ukirudi, mfumo husoma eneo hilo, hurudia yaliyokamilika kuandikwa humo na kuyaacha yaliyokatizwa. IBM iliutumia utaratibu huu katika mfumo wa faili wa JFS mwaka 1990. Katika Linux, ext3 iliyoingia mwaka 2001 iliutumia, na ext4, iliyotangazwa kuwa imara mwaka 2008, iliuendeleza.

Daftari hili halikui. Ukubwa wake huamuliwa mfumo wa faili unapoundwa. Katika ext4 halipungui vipande 1024 vya diski, ambavyo kwa kipande cha kilobaiti 4 ni sawa na megabaiti 4, na kwa kawaida huwa kubwa zaidi ya hapo. Linapofika mwisho huanza tena mwanzo, likiandika juu ya maneno ambayo kazi yake imekwisha. Nafasi ikibana, programu husubiri hadi yaliyoandikwa yatekelezwe. Hakuna kinachopotea kwa kufutwa humo, kwa sababu kila kinachofutwa kimekwisha kutimizwa. Ni daftari la ahadi, na ahadi iliyotimizwa haina haja ya kubaki kitabuni.

Cha pili ni daftari la matukio linalotunzwa na systemd-journald, programu iliyotangazwa mwaka 2011 na Lennart Poettering pamoja na Kay Sievers na ambayo sasa hutumika katika matoleo mengi ya Linux. Hili huandikwa baada ya tendo. Hukaa katika saraka ya /var/log/journal likihifadhiwa kwa kudumu, au katika /run/log/journal likihifadhiwa kwa muda tu, yaani hadi kompyuta itakapozimwa. Daftari hili ndilo linalokua, na kinachofutwa humo hakijatimizwa popote pengine. Kikiondoka, kimeondoka na ushahidi wake.

Tofauti ni kubwa. Daftari la kwanza linatazama mbele, la pili linatazama nyuma. La kwanza likifutwa baada ya kazi yake hakuna hasara. La pili likifutwa hasara hupimwa siku linapohitajika. Hata hivyo yote mawili yana jina moja, na mtu anayesoma maelezo ya namna ya "kudhibiti ukuaji" wake anapaswa kujua kwanza ni lipi linalozungumzwa.

Hatari hapa ni ya kweli. Amri ya tune2fs ina chaguo la kuondoa kabisa daftari la mfumo wa faili wa ext4. Msimamizi ambaye diski yake imejaa rekodi za matukio, akisoma kwamba daftari linakula nafasi na linaweza kuondolewa, anaweza kuondoa lile ambalo halikuwa likikua. Nafasi atakayoipata ni ndogo, na tatizo lake litabaki palepale. Umeme utakapokatika, jambo ambalo wasomaji wa ukanda huu hawahitaji kuelezwa, atagundua kwamba amejiondolea kinga na kumwacha mlaji wa nafasi akiendelea kula.

3.0 Msingi wa uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na mawazo mawili. La kwanza ni la Lakoff na Johnson (1980), kwamba sitiari si pambo la lugha bali ni njia ya kufikiri: jina tunalokipa kitu hutuelekeza namna ya kukitendea. Kinachoitwa takataka hufagiwa, kinachoitwa urithi hutunzwa, hata kama ni karatasi ileile. La pili ni la nadharia ya Skopos iliyoasisiwa na Vermeer na kuendelezwa pamoja na Reiss (1984), kwamba tafsiri hupimwa kwa kusudi inayolitumikia katika lugha pokezi. Kusudi la mwongozo wa usanidi ni kumwezesha msomaji kutenda bila kukosea. Tafsiri inayofanana na matini chanzi lakini inamfanya msomaji afute kisichopaswa kufutwa imeshindwa, hata kama kila neno lake lina mwenzake katika kamusi.

4.0 Lugha ya ukomo katika mwongozo

4.1 Ukomo usio ukomo

Mwongozo wa journald.conf una vigezo viwili vikuu vya nafasi. SystemMaxUse hueleza nafasi ambayo daftari linaruhusiwa kutumia. Msimamizi asiposema lolote, huwa ni asilimia 10 ya mfumo wa faili. SystemKeepFree hueleza nafasi ambayo daftari linapaswa kuwaachia wengine. Asiposema lolote, huwa ni asilimia 15. Viwango hivyo vya asili kila kimoja haviruhusiwi kuvuka gigabaiti 4, na programu huheshimu vyote viwili kwa kufuata kile kinachobana zaidi. Katika diski ya gigabaiti 20, basi, daftari litaishia gigabaiti 2 na litajaribu kuacha gigabaiti 3 wazi. Katika diski ya gigabaiti 1000 asilimia 10 ingekuwa gigabaiti 100, lakini daftari litasimama kwenye gigabaiti 4.

Mtafsiri atakayekutana na jina la kigezo cha kwanza atavutwa kuandika "kiwango cha juu kabisa cha matumizi". Neno "kabisa" hapo si la kweli. Mwongozo wenyewe unakiri kwamba zinazofutwa ni faili zilizokwisha kufungwa tu. Faili inayoendelea kuandikwa haiguswi. Kwa hiyo baada ya kufuta, nafasi inayotumika inaweza bado kuwa juu ya kiwango kilichowekwa. Hali kadhalika kigezo cha pili si ahadi. Ikiwa daftari liliandikwa wakati nafasi ipo, kisha kitu kingine kikaja kuijaza diski, programu itaacha kuongeza matumizi yake, lakini haitafuta ilichokwisha kuandika ili kurudisha nafasi iliyotajwa.

Sifa ya mwongozo ni kwamba unayasema haya waziwazi. Dosari yake ni kwamba unayasema mbali na majina ya vigezo, ilhali msimamizi mwenye haraka husoma jina na kuruka aya. Kiswahili kina nafasi ya kurekebisha jambo hili katika jina lenyewe. "Nafasi iliyokusudiwa" ni kauli nyofu kuliko "kiwango cha juu kabisa", na "nafasi ya kuwaachia wengine" inaeleza mwelekeo wa kigezo cha pili bila kuahidi kwamba nafasi hiyo italindwa dhidi ya kila mtu.

4.2 Nyaraka zinazosubiri kufutwa

Faili moja ya daftari ikifikia ukubwa uliowekwa, au muda wake ukiisha, hufungwa na nyingine kufunguliwa. Kwa kawaida ukubwa wa faili moja ni sehemu ya nane ya nafasi yote iliyoruhusiwa, ili faili saba za zamani zibaki kama historia nyuma ya ile inayoandikwa. Zilizofungwa hupewa jina ambalo katika Kiingereza cha kawaida ni la nyaraka zilizowekwa hifadhini.

Hapa pana kinaya ambacho matini chanzi haikioni. Kwa msomaji wa Kiswahili, neno "nyaraka" limebeba uzito wa taasisi. Nyaraka za Taifa huko Zanzibar, au Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Nairobi, ni mahali pa vitu vilivyochaguliwa visipotee. Katika systemd-journald maana imegeuzwa: faili iliyopewa hadhi hiyo ndiyo iliyoingia katika foleni ya kufutwa, na ya zamani kuliko zote ndiyo hutangulia. Inayoandikwa sasa ndiyo yenye kinga.

Tafsiri ya "faili zilizowekwa kwenye nyaraka" ingempa msimamizi utulivu wa uongo. Angeamini kwamba rekodi za mwezi uliopita zimelindwa kwa sababu zimekwisha kuwekwa hifadhini, wakati ukweli ni kwamba ndizo zilizo karibu na mlango wa kutokea. "Faili zilizofungwa" inatosha. Haiahidi uhifadhi, na haizuii msimamizi kujiuliza swali la pili: zikishafungwa, zinaenda wapi?

4.3 Sitiari ya usafi

Amri ya journalctl humpa msimamizi uwezo wa kupunguza daftari kwa mkono, kwa kutaja ukubwa unaobaki, umri wa rekodi, au idadi ya faili. Chaguo zote tatu, yaani --vacuum-size, --vacuum-time na --vacuum-files, zimejengwa juu ya kitenzi cha kufyonza vumbi kwa mashine. Picha ni ya nyumba inayosafishwa: kinachoondoka ni uchafu, na anayekiondoa anastahili pongezi.

Mtafsiri ana vishawishi viwili. Cha kwanza ni kufuata maana ya kisayansi ya neno hilo na kuandika "ombwe", jambo litakalomwacha msomaji akijiuliza ni ombwe la nini. Cha pili, chenye hatari zaidi kwa sababu kinaeleweka vizuri, ni kuandika "kusafisha". Msemo wa "kusafisha kompyuta" umekwisha kuenea katika mazungumzo ya watumiaji wa simu na kompyuta, na humaanisha kuondoa visivyo na kazi. Lakini rekodi ya mtu aliyejaribu nywila mara mia moja usiku wa manane si vumbi. Rekodi ya diski iliyoanza kushindwa kusoma wiki tatu zilizopita si vumbi. Programu haiwezi kujua kwamba si vumbi, kwa kuwa hupima ukubwa na umri tu, wala haisomi maana.

Ni kweli kwamba amri hiyo, ikiisha kutekelezwa, hutaja faili ilizozifuta na kiasi cha nafasi iliyopatikana. Taarifa hiyo ni ya uzani. Humwambia msimamizi kwamba megabaiti kadhaa zimeondoka. Haimwambii zilikuwa zikisema nini. Kwa sababu hiyo kitenzi kinachofaa ni kile kisicho na pambo: kufuta. "Futa rekodi zilizofungwa zenye umri wa zaidi ya wiki mbili" ni sentensi inayomfanya msomaji asite kidogo, na kusita huko ni sehemu ya kazi ya istilahi njema. "Safisha kumbukumbu" haimfanyi asite.

Inafaa kulinganisha jambo hili na sehemu nyingine ya mwongozo uleule. Programu moja ikianza kuandika kwa fujo, systemd-journald huiwekea kikomo cha kasi: kwa kawaida ujumbe 10,000 ndani ya sekunde 30, kiwango kinachoongezwa kutegemea nafasi iliyopo. Unaozidi hutupwa. Lakini hapo daftari huandika idadi ya ujumbe uliotupwa, ili msomaji wa baadaye ajue kwamba kuna pengo na pengo hilo lina ukubwa gani. Hiyo ni adabu ya karani mzuri: akiacha mistari, hutaja kwamba ameiacha. Lugha ya sehemu hiyo ni ya uwajibikaji, wakati lugha ya kufyonza ni ya usafi, ingawa katika sehemu zote mbili kinachotendeka ni kupoteza rekodi.

4.4 Nafasi badala ya muda

Ukimya mkubwa zaidi wa mwongozo uko katika kigezo cha MaxRetentionSec, kinachoweka umri wa mwisho wa rekodi. Thamani yake ya asili ni sifuri, maana yake hakitumiki. Msimamizi asipochagua, ukomo wa daftari huamuliwa na nafasi peke yake. Gigabaiti 2 zinaweza kuwa historia ya miezi mingi katika seva tulivu, na ya siku chache tu katika seva yenye programu inayorudia kosa lilelile kila sekunde. Programu yenye kelele husukuma nje rekodi za programu zilizo kimya, na mara nyingi mwenye kelele si yule mwenye habari.

Wakati huohuo, sheria za ukanda huu hazifikiri kwa gigabaiti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, sheria ya Uganda ya mwaka huohuo, ya Rwanda ya mwaka 2021 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zina msingi mmoja: taarifa za mtu zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika kwa kusudi la kukusanywa kwake. Rekodi za kompyuta huweza kuwa na majina ya watumiaji na anwani zao za mtandao. Daftari linalotawaliwa na nafasi tu linaweza kukosea pande zote mbili: likaweka taarifa za watu kwa muda mrefu kuliko inavyostahili kwa sababu diski ni kubwa, au likapoteza ushahidi uliohitajika kwa sababu diski ni ndogo.

Swali la istilahi linaingia hapa. Katika sheria, kitenzi ni "kuhifadhi" na kipimo chake ni kusudi. Katika mwongozo, kitenzi ni "kutumia" na kipimo chake ni asilimia ya diski. Afisa wa sheria na msimamizi wa seva wanaweza kukaa meza moja, wakazungumzia faili zilezile na wasielewane, kwa kuwa mmoja anauliza "kwa nini mnazo?" na mwingine anajibu "nafasi ipo". Tafsiri inayotumia "muda wa kuhifadhi" kwa kigezo hiki, badala ya "sekunde za juu za ubakizaji" zitakazozaliwa na tafsiri ya neno kwa neno, ingewapa wote wawili neno moja la kuanzia mazungumzo.

5.0 Uchaguzi wa istilahi za Kiswahili

Maneno manne ya Kiswahili yanagombea nafasi ya jina la daftari la matukio.

"Kumbukumbu" ndilo la kwanza kuja kinywani, na ndilo lenye mzigo mkubwa zaidi. Ni kumbukumbu za mkutano, ni siku ya kumbukumbu, ni uwezo wa mtu wa kukumbuka; na katika kompyuta tayari hutumika kwa sehemu inayoshika data wakati mashine inafanya kazi. Mwongozo unaeleza kwamba daftari linaweza kuwekwa katika sehemu hiyo badala ya diskini. Mtafsiri aliyechagua "kumbukumbu" atalazimika kuandika: "kumbukumbu zitahifadhiwa katika kumbukumbu pekee". Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, na haina maana yoyote.

"Jarida" lina maana iliyokwisha kukaa, ya chapisho linalotoka kwa vipindi. Kusema kwamba jarida limejaza diski ni kumfanya msomaji afikirie makala za wataalamu. "Shajara" iko karibu zaidi kwa kuwa huandikwa siku kwa siku, lakini ni ya mtu binafsi na ya hisia zake; mwandishi wake huchagua la kuandika, na kompyuta haichagui.

"Batli" ni neno la mabaharia, lenye maana ya rekodi za safari ya chombo. Lina sifa tatu. Kwanza, linalingana na asili ya neno la Kiingereza log, ambalo nalo lilitoka majini, kwenye gogo lililotupwa baharini ili kupima mwendo wa meli, kisha likawa jina la kitabu kilichoandikwa vipimo hivyo. Kiswahili hakihitaji kukopa sitiari hiyo, kinayo. Pili, batli ni rekodi ya ushuhuda: huandikwa wakati safari inaendelea, na chombo kikipata ajali ndicho kitabu kinachotafutwa. Kuiita rekodi ya seva "batli" ni kumkumbusha msimamizi kwamba kufuta kurasa zake ni jambo la kutolewa maelezo. Tatu, neno hili halina mzigo mwingine katika kompyuta, hivyo halitagongana na lolote.

Kwa daftari la mfumo wa faili, makala hii inapendekeza "daftari tangulizi". Kivumishi kinabeba tofauti yote: huandikwa kabla. Msimamizi anayesoma "punguza batli" hawezi kuelekea kwenye daftari tangulizi kwa bahati mbaya, na anayesoma "daftari tangulizi" anakumbushwa kwamba yaliyomo bado yanaweza kuhitajika kabla kazi haijakamilika. Kwa kubadilishana faili, "kupokezanisha" kunafaa kuliko "kuzungusha", kwa sababu faili hazizunguki kurudi zilikotoka. Moja huachia zamu, nyingine hushika.

6.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba batli ni neno la pwani. Fundi wa Kigali, Kampala, Bujumbura au Lubumbashi huenda hajawahi kulisikia, na kumletea neno la jahazi kumweleza seva ni kumwongezea kazi. Pingamizi hili ni zito na halijibiwi kwa kusifu uzuri wa neno. Linajibiwa kwa kuangalia kile istilahi inachopaswa kufanya. Neno geni linalofafanuliwa mara moja na kubaki na maana moja ni jepesi kujifunza kuliko neno linalofahamika lenye maana tano, kwa sababu la pili humfanya msomaji aamini kwamba ameelewa. Fundi huyo huyo hakuzaliwa akijua maana ya seva.

Pingamizi la pili ni kwamba mafundi wamekwisha kuamua: husema "logi". Hilo ni kweli, na hakuna sababu ya kuwakataza. "Angalia logi" ni Kiswahili kinachofanya kazi. Istilahi ya mwongozo na neno la mazungumzo vinaweza kuishi pamoja, kama daktari na mgonjwa wanavyoweza kuutaja ugonjwa mmoja kwa majina mawili. Kinachohitajika ni kwamba katika maandishi, ambako msomaji hana wa kumuuliza, logi isichanganywe na daftari tangulizi. Mwandishi akichagua "logi" mahali pa "batli" na akaidumisha hadi mwisho, hoja ya msingi ya makala hii itakuwa imeheshimiwa.

Pingamizi la tatu ni kwamba wasimamizi wa mifumo husoma Kiingereza, hivyo suala zima ni la nadharia. Lakini uamuzi wa kufuta haubaki mikononi mwa msimamizi. Mwalimu mkuu ambaye maabara yake imeingiliwa, mhasibu anayetaka kujua nani alifungua faili, mwananchi anayeuliza taarifa zake zimekaa wapi na kwa muda gani: wote hao wanapaswa kuelezwa kilichofanyika, na wengi wao wataelezwa kwa Kiswahili. Wakiambiwa kwamba "kumbukumbu zilisafishwa", watakuwa wameambiwa jambo zuri limetendeka. Wakiambiwa kwamba "batli ya mwezi Machi ilifutwa ili kupata nafasi", wataweza kuuliza swali linalofuata.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba lugha ya kudhibiti ukuaji wa daftari katika Linux ina utata wa aina tatu. Inaita kwa jina moja madaftari mawili ambayo kuyafuta kuna matokeo tofauti. Inatumia majina ya ukomo na ya uhifadhi kwa vitu ambavyo si ukomo kamili wala si uhifadhi. Na inalipa tendo la kufuta ushahidi sura ya usafi. Mwongozo wenyewe unayarekebisha mengi ya haya katika aya zake za ufafanuzi, lakini majina ndiyo yanayokumbukwa, na majina ndiyo yanayotafsiriwa kwanza.

Kiswahili kimechelewa kufika katika sehemu hii ya kompyuta, na kuchelewa huko kumekipa nafasi ya kuchagua. Mabaraza ya lugha na wakuza istilahi wa kanda hii wanaweza kuanza na jozi moja tu, daftari tangulizi na batli, na kitenzi kimoja, kufuta, kisha kuvijaribu katika mafunzo ya wasimamizi wa mifumo kabla ya kuvisanifisha. Kigezo cha jaribio hilo kinapaswa kuwa kimoja: msimamizi akisoma maelekezo kwa Kiswahili huku diski yake imejaa na simu inalia, je, atafuta kinachostahili kufutwa, na je, atajua amefuta nini?